Kumtambua Kereng'ende: Rangi Iache ya Mwisho

Wengi wakitaka kumjua kereng'ende huanza na rangi. "Nimeona mwekundu," mtu husema, kisha hufungua kitabu na kukuta wekundu wamejaa kurasa kadhaa, wote wanakaribiana, na hamu inamwishia hapo hapo. Si kosa la kitabu. Eneo la kuanzia Sudan hadi Zimbabwe lina aina zaidi ya 500, na kitabu cha Klaas-Douwe Dijkstra na Viola Clausnitzer kilichotoka mwaka 2014 kinazieleza karibu zote. Tatizo ni kwamba rangi ndiyo alama inayodanganya kuliko nyingine zote. Dume mchanga huvaa rangi ya jike. Dume aliyekomaa huweza kufunikwa na ungaunga wa buluu au wa kijivu ulioficha rangi ya awali. Na aina zisizo ndugu wa karibu huvaa wekundu uleule.

Kwa hiyo panga maswali yako namna nyingine. Yuko kwenye maji gani? Anatuaje, au anarukaje? Umbo lake likoje? Rangi iulizwe baada ya hayo. Ukizoea mpangilio huu, mara nyingi utakuwa umeshalijua kundi lake kabla hujainua darubini.

Wanene na wembamba

Kereng'ende wote ni wa oda moja, Odonata, na wale utakaowaona Afrika ni wa makundi mawili makubwa. Kundi la kwanza, Anisoptera, ni la wanene: mwili mzito, mabawa ya nyuma mapana kuliko ya mbele, na wakitua huyaacha mabawa yametandazwa. Kundi la pili, Zygoptera, ni la wembamba: tumbo ni kama njiti ya kiberiti, mabawa ya mbele na ya nyuma yanakaribia kulingana, na wakitua wengi wao huyafumba juu ya mgongo. Kile ambacho watoto hukiita mkia ndicho tumbo lenyewe, nalo lina pingili kumi. Pingili hizo zitatufaa huko mbele.

Mabawa yakikutatiza, tazama macho. Kwa wembamba, macho yamekaa mbali mbali pande mbili za kichwa. Kwa wanene wengi macho ni makubwa mno hata yanakutana juu ya kichwa. Kila kanuni hapa ina mwasi wake. Lestes ni mwembamba, lakini hutua na mabawa nusu wazi, na anayeanza humdhania ni mnene aliyekonda. Jamaa ya Gomphidae ni wanene kabisa, ila macho yao hayagusani. Hao wa pili usiwaogope, maana wengi wana mistari ya njano na nyeusi, na mmoja wao, Ictinogomphus ferox, hujitambulisha mwenyewe: ni mkubwa, hutua kwenye ncha ya kijiti juu ya maji kana kwamba kijiti ni mali yake, na karibu na mwisho wa tumbo ana vibapa viwili vilivyojitokeza pembeni.

Soma maji kwanza

Kereng'ende hutumia sehemu kubwa ya maisha yake majini akiwa tunutu, kwa hiyo aina ya maji hukuambia mengi kabla ya kuona bawa. Bwawa wazi lenye jua na majani ya pembeni lina wageni wake. Kijito cha msituni chenye kivuli na mawe kina wengine kabisa, na hawa wa pili wengi hawawezi kuhama. Msitu ukikatwa na maji yakapata joto na tope, wao ndio wa kwanza kutoweka. Ndiyo maana wataalamu wa Afrika Kusini wametengeneza kipimo cha afya ya mito kinachotegemea aina za kereng'ende zinazoonekana mahali. Ukikuta kijito kimejaa aina zile zile za kila dimbwi la mjini, jua kuna jambo limeharibika huko juu.

Kwenye kijito chenye mawe, miti na maji safi, mtafute Platycypha caligata. Jamaa yake, Chlorocyphidae, ni rahisi kuitambua: ni wembamba wafupi, tumbo halizidi urefu wa mabawa, na uso una pua iliyojitokeza mbele. Dume ana tumbo la buluu kali na miguu bapa, myeupe upande mmoja na myekundu upande mwingine. Jike akija, dume huning'inia hewani mbele yake na kumtikisia miguu hiyo. Tazama bila kusogea; onyesho hilo hutalisahau. Jike akikubali, hutaga mayai kwenye magogo na mizizi iliyooza ndani ya maji, basi penye kijito kisicho na kuni zilizozama usitegemee kumwona.

Misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania ina kioja kingine. Coryphagrion grandis, mwembamba mwenye mwili mrefu ajabu, hazaliani mtoni wala ziwani, bali kwenye maji yanayotuama ndani ya matundu ya miti. Ndugu zake wa karibu wako Amerika ya Kati na Kusini, wala si Afrika. Ukiwa Shimba Hills au msitu mwingine wa pwani, acha kutazama kijito na uchunguze mashimo ya miti mikubwa, hasa mvua ikiwa imenyesha. Na ukibahatika kufika Amani, Usambara Mashariki, kuna Amanipodagrion gilliesi, aliyeelezewa na Elliot Pinhey mwaka 1962 na kupewa jina la Mick Gillies, mtafiti wa mbu wa malaria. Hajulikani kuishi mahali pengine popote duniani nje ya milima hiyo, na yuko katika orodha ya walio hatarini kabisa kutoweka. Huyo anapigwa picha tu. Wavu uache nyumbani.

Halafu kuna wale wasiohitaji kutafutwa. Tembea kwenye ufuko mkavu wa ziwa wenye nyasi fupi, na mara utaona kundi la kereng'ende wadogo likikufuata miguuni, wakiruka chini chini na kutua ardhini kila ukisimama. Hao ni Brachythemis leucosticta. Madume yaliyokomaa ni meusi na yana mkanda mpana wa giza katika kila bawa. Wanafuata wadudu wanaotimuliwa na hatua zako, na kwa sababu hiyo hiyo huwafuata ng'ombe. Hapa tabia imekupa jina nusu saa kabla ya rangi.

Wanaotua na wasiotua

Baada ya maji, angalia anavyotumia muda wake. Wapo wanaotua: hukaa kwenye kijiti, hutoka kwa mbio kumkamata mdudu au kumfukuza mpinzani, kisha hurudi pale pale. Wapo wanaoruka: huzunguka hewani bila kupumzika kutwa nzima. Anax imperator ni wa kundi la pili. Dume hupiga doria bwawa lote, mwili mkubwa, kifua cha kijani na tumbo la buluu lenye mstari mweusi katikati. Wapo pia wa jioni, Gynacantha, ambao mchana hujificha kwenye vichaka vyenye kivuli na hutoka jua likizama. Ukiwaona wakubwa wa kahawia wakikata hewa juu ya njia ya msituni saa kumi na mbili na nusu, ni hao.

Kwa wanaotua, usimkimbilie aliyeruka. Simama karibu na kijiti chake, tulia, mwache arudi. Atarudi. Sogea ukiwa umeinama, kivuli chako kisimpite, na usinyanyue mkono ghafla, kwa maana macho yake, yenye vijicho hadi 30,000 kila moja, huona kinachosogea haraka kuliko kilichosimama. Muda mzuri ni kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, siku ya jua. Kwenye nyanda za juu zenye baridi, wahi zaidi: asubuhi huwa wazito na hujiachia wasogelewe. Saa sita ya jua kali utaona baadhi yao wamesimamisha tumbo wima kuelekea jua. Hawajaugua. Wanapunguza sehemu ya mwili inayopigwa na jua.

Mmoja katika wanaoruka anastahili maelezo marefu, kwa sababu msomaji wa pwani amemwona tangu utotoni. Ni Pantala flavescens: rangi ya manjano iliyoelekea chungwa, mabawa ya nyuma mapana sana, huelea kwa makundi juu ya viwanja vya mpira na barabara wakati wa mvua za vuli, na ni nadra kumkuta ametua; akitua huning'inia wima kwenye kijitawi. Katika Visiwa vya Maldives, ambavyo karibu havina maji baridi ya juu ya ardhi, kereng'ende hawa hutokea kwa mamilioni kuanzia Oktoba. Mwanabiolojia Charles Anderson, aliyeishi huko miaka mingi, alichapisha mwaka 2009 hoja kwamba wanatoka India na kuvuka Bahari ya Hindi hadi Afrika Mashariki, wakibebwa na pepo za juu zinazovuma kutoka kaskazini mashariki. Pepo za upande huo ndizo kaskazi yetu, iliyoleta majahazi. Safari nzima ya kwenda na kurudi ilikadiriwa kuwa kilomita 14,000 hadi 18,000, na hakuna mmoja anayeimaliza: huchukua vizazi kadhaa, kila kizazi kikizaliwa kwenye madimbwi ya mvua mahali mvua ilipofika. Tunutu wake huweza kukua kwa wiki chache tu, kabla dimbwi halijakauka.

Kwa anayetunza kumbukumbu, safari hii ina faida ya moja kwa moja. Andika tarehe ya kundi la kwanza la vuli mtaani kwako, upande wa upepo, na kama mvua ilikuwa imeshanyesha. Na ukimwona jike wa Pantala akidonoa boneti ya gari kwa ncha ya tumbo, anataga: mwanga unaorudishwa na rangi inayong'aa au kioo hufanana, kwa macho yake, na mwanga wa juu ya maji. Mayai hayo yamepotea.

Dume, jike na mchanga

Hapa ndipo wengi hukwama. Dume hutambulika kwa sehemu mbili. Kwanza, mwisho wa tumbo lake una vibanio vya kumshikia jike. Pili, upande wa chini wa pingili ya pili na ya tatu ana uvimbe mdogo, kwa sababu kiungo chake cha kupandia kiko hapo, mbali na mahali mbegu zinapotokea, yaani pingili ya tisa. Kabla ya kupanda hulikunja tumbo na kuhamisha mbegu kutoka nyuma kwenda mbele. Kisha humshika jike: wanene hushika nyuma ya kichwa, wembamba hushika sehemu ya mbele ya kifua, na jike hukunja tumbo lake hadi kwenye ule uvimbe. Lile umbo la moyo unaloliona juu ya majani ndilo hilo. Mwaka 1979 Jonathan Waage alionyesha, kwa aina moja ya Marekani, kwamba dume kwanza huondoa mbegu zilizoachwa na mtangulizi wake. Ukijua hivyo huwezi kushangaa kwa nini madume wengi hukaa na jike, au humshikilia kabisa, mpaka amalize kutaga.

Jike tumbo lake huwa nene zaidi, na chini ya pingili ya nane na ya tisa kuna kiungo cha kutagia. Wembamba wote, pamoja na wakubwa kama Anax, hukitumia kutoboa mimea na kuingiza mayai ndani. Wanene wengi wengine hudonoa maji tu. Kiungo hicho cha kutagia ndicho kinachozua uvumi kwamba kereng'ende huuma kama nyigu. Hana sumu wala mwiba. Mkubwa akishikwa anaweza kubana kidole kwa taya, basi.

Majike wa aina nyingi wana rangi ya majani makavu na wanakaribiana sana. Njia bora ya kuwajua ni kuwakuta wameshikwa: ukimtambua dume aliyemshika, umemtambua na jike, kwa kuwa madume hawakosei mara nyingi. Piga picha ya jozi, mpigie jike karibu, na baada ya msimu mmoja utakuwa na albamu ya majike ambayo vitabu vingi havina.

Mchanga utamjua kwa mabawa yanayong'aa kama yamepakwa mafuta na mwili uliopauka. Usimguse. Mabawa yake bado hayajakauka na yakijipinda hayatanyooka tena.

Sasa wekundu

Turudi kwa wekundu, maana ndio wanaosumbua zaidi, na sasa unaweza kuwakabili. Dume mnene mwenye tumbo pana, bapa, mwekundu kuanzia uso hadi miguu, karibu na maji yaliyotuama: Crocothemis erythraea. Kama tumbo ni jembamba, miguu ni myeusi, mishipa ya bawa ni myekundu na kuna weusi pembeni mwa mwisho wa tumbo, ni Trithemis arteriosa. Aliyetua juu ya jiwe tupu au ukuta wa saruji, mwenye doa kubwa la rangi ya chungwa kwenye mashina ya mabawa yote manne, ni Trithemis kirbyi. Mwekundu aliyeingia zambarau kama juisi ya rozela ni Trithemis annulata. Zambarau hiyo ni ungaunga juu ya wekundu, na dume mchanga hana. Mwenye doa la giza kwenye shina la bawa la nyuma, kwenye ncha ya tete, huenda ni Urothemis assignata. Na mdogo mwenye mabawa yaliyotiwa rangi ya asali, aliyekaa kwenye mabua ya kando ya mto na kuchangamka zaidi jioni, ni Brachythemis lacustris, ndugu wa yule mweusi aliyekufuata ufukweni.

Angalia kwamba karibu kila mara kilichoamua si wekundu. Ni bawa, mguu, jiwe, au saa.

Wembamba wana mitihani yao. Ceriagrion glabrum ni rahisi kumtambua: mwili wa chungwa, macho ya kijani, yuko kwenye nyasi za karibu kila kinamasi. Ischnura senegalensis naye ana tumbo jeusi lenye taa ya buluu karibu na ncha. Pseudagrion ni balaa. Aina ni nyingi, na uhakika hupatikana kwenye umbo la vibanio vya dume, vinavyohitaji lenzi au picha ya karibu sana. Orthetrum, wale wanene wa buluu ya unga, wana tabia hiyo hiyo.

Tunutu na gamba

Sijui kwa nini waandishi huwasahau tunutu, wakati ndio ushahidi bora. Kereng'ende mkubwa anayeruka juu ya bwawa anaweza kuwa mpita njia. Gamba tupu lililoachwa kwenye bua linathibitisha kwamba alizaliwa hapo. Tafuta magamba asubuhi kwenye matete na kuta za mabwawa, sentimita chache juu ya maji. Yaweke kwenye kiberiti kitupu na karatasi iliyoandikwa kwa penseli, maana wino hutoka ukilowa.

Ukimtaka tunutu mzima, chota matope na majani kwa chujio la jikoni, mimina kwenye sinia jeupe lenye maji kidogo, subiri vitulie. Mwembamba ana vijani vitatu mwisho wa tumbo, ambavyo ni mashavu ya kupumulia. Mnene hana, yeye huvuta maji kwa nyuma, hupumulia humo ndani, na akishtuka huyatoa kwa nguvu na kuruka mbele. Chini ya kichwa cha wote kuna mdomo wa chini uliokunjwa, unaofyatuka na kunasa mawindo kabla hujapepesa jicho. Hula viluwiluwi wa mbu, viluwiluwi wa vyura, na wakubwa hula vifaranga vya samaki. Mfugaji wa samaki ana sababu ya kutowapenda. Habari za kuwageuza dawa ya mbu zichukuliwe kwa kiasi. Jaribio la Yangon, Myanmar, lililochapishwa mwaka 1990, lilipunguza sana mbu wa dengi kwa kuweka tunutu ndani ya matangi ya maji ya nyumbani, lakini hayo yalikuwa matangi, si mashamba ya mpunga, na watu walikuwa wakiwapanga tunutu kwa mikono.

Kabla hujakanyaga maji, vaa buti ndefu za mpira. Maji yaliyotuama na kingo za Ziwa Victoria zina kichocho, na kinachoonekana kama kisiki huenda si kisiki. Waulize wavuvi kwanza.

Kuandika na kupiga picha

Simu nzuri inatosha kwa wanaotua. Darubini inayoona karibu, mita mbili hivi, itakufaa zaidi kuliko kamera ghali. Kila mmoja mpige picha tatu: ubavu wa kifua, mabawa kwa juu, na ncha ya tumbo kwa karibu. Hiyo ya tatu ndiyo watu huisahau, nayo ndiyo mtaalamu atakayokuomba. Ukipandisha picha kwenye iNaturalist, jina linalopendekezwa na kompyuta lichukue kama dokezo, hasa kwa Orthetrum na Pseudagrion. Mara nyingi huchagua aina yenye picha nyingi zaidi, si iliyo mbele yako. Kukamata kwa wavu ndani ya hifadhi kunahitaji kibali, na kibali cha kuingia si kibali cha kukusanya.

Kwenye daftari andika mahali, tarehe, saa, hali ya jua, aina ya maji, alivyokaa, na jinsia. Jina liandike mwishoni, na kwa kiwango ulichofikia tu. "Orthetrum, dume, ungaunga wa buluu, kijito chenye mawe" ni kumbukumbu halali, na mtu mwingine anaweza kuikamilisha kwa picha yako ya ncha ya tumbo hata baada ya miaka kumi. Jina kamili la kubahatisha likishaingia kwenye orodha, kulitoa ni kazi.